KDS ndiyo LCM

Nilipata F ya Hisabati kidato cha nne mwaka 2008, na kwa miaka kumi na mitano niliibeba F hiyo bila aibu. Kiswahili nilikuwa na B, Historia B, na hizo zilitosha kunipeleka HKL, yaani mchepuo wa Historia, Kiswahili na Kiingereza, ambako bweni zima lilikuwa la watu wa aina yangu. Usiku tukiwaona wenzetu wa PCM, wale wa Fizikia, Kemia na Hisabati, wamekesha na karatasi zao, tuliwaonea huruma. Chuo nikasoma sosholojia. Nilipata sapu moja tu, yaani mtihani wa marudio, ya takwimu, nikaivuka kwa kukariri madesa. Kisha nikaajiriwa na shirika moja hapa Dodoma, kusimamia tafiti za kaya, na kila palipotakiwa hesabu palikuwa na Excel au palikuwa na mhasibu.

Mwishoni mwa 2023 nikaamua kuomba uzamili wa sera za umma Marekani. Vyuo vingi huko viliacha kudai GRE baada ya korona. Mimi, kwa bahati yangu, nikaipenda programu ambayo haikuacha.

Kwa asiyeijua, GRE ni mtihani wa kwenye kompyuta, na tangu Septemba 2023 umefupishwa: saa moja na dakika 58 kwa jumla. Kuna insha moja, kuna sehemu mbili za lugha na sehemu mbili za hesabu. Hesabu ya kwanza ni maswali 12 kwa dakika 21, ya pili maswali 15 kwa dakika 26. Ukifanya vizuri sehemu ya kwanza, ya pili inakuja ngumu zaidi, na hiyo ni habari njema kwa sababu ndiko alama kubwa ziliko. Alama zinaanzia 130 na kuishia 170. Wanaouandaa wanatoa majaribio mawili ya bure mtandaoni, kwa hiyo Januari 2024, Jumapili moja, nilijifungia chumbani nikafanya la kwanza.

Hesabu: 141.

Nilikaa nikiitazama ile namba huku nikitafuta la kusingizia. Ningesema mtihani ni mgumu, lakini silabasi yake iko wazi: hesabu za kawaida, aljebra, jometri, na kusoma takwimu. Hakuna kalkulasi, hata trigonometria hakuna. Karibu yote yaliyomo ni ya kidato cha nne kwenda chini. Hata kikokotoo wanakupa, kiko palepale kwenye skrini. Yaani nilikuwa nimeshindwa, nikiwa na umri wa miaka 33 na kikokotoo mkononi, mambo niliyofundishwa shuleni nikiwa na kaptula.

Kosa la kwanza nililofanya lilikuwa la kitajiri. Nililipia kozi ya mtandaoni. Mwalimu wa kwenye video alikuwa mzuri mno, na hapo ndipo tatizo lilipokuwa. Anaandika, anaeleza, mimi natikisa kichwa. Ndiyo. Sawa. Naam, hapo nimeelewa. Wiki sita nilitikisa kichwa. Ilipofika siku ya kufanya maswali yangu mwenyewe, kalamu ikagoma mstari wa pili. Nilikuwa naelewa hesabu kama anavyoelewa mpira mtu aliyekaa jukwaani. Tena wa jukwaani huwa anaelewa kuliko kocha.

Mwezi wa tatu ndipo mambo yalipogeuka, na aliyeyageuza hakukusudia. Naishi na binti wa dada yangu, ambaye mwaka huo alikuwa ameanza kidato cha kwanza shule ya kutwa hapa mjini. Walikuwa wamemaliza zile wiki za mwanzo za kuzoeshwa Kiingereza, wameingia kwenye masomo yenyewe. Jioni moja alikuja mezani na daftari.

"Mjomba, LCM ni nini?"

Nikamwambia ni ile unayoitumia kujumlisha sehemu. Akaniuliza inapatikanaje. Nikaanza kuzungukazunguka. Nilikuwa nazijua herufi tatu, na nilijua kwamba huja pamoja na herufi nyingine tatu, GCF, na kwamba moja ni ndogo na nyingine kubwa, lakini ipi ni ipi sikuwahi kuwa na uhakika. Yeye akawa anautazama mfano uliokuwa ubaoni siku ile, 4 na 6, jibu 12. Akacheka.

"Si ndiyo KDS hii?"

Kigawe kidogo cha shirika. Darasa la tano nilikuwa bingwa wa KDS. Namkumbuka mwalimu wetu, namkumbuka na fimbo yake, nakumbuka tulivyokuwa tunachora ule mstari wa kusimama na kugawanya kwa namba tasa, mbili, tatu, tano, mpaka zibaki moja moja. Nilikuwa napata kumi ya kumi. Kisha nikapanda kidato cha kwanza, hesabu ikabadili lugha usiku mmoja, na hakuna aliyeniambia kwamba LCM ndiye yule yule KDS amevaa koti. Nilidhani ni kitu kipya. Nikakikariri kama kitu kipya, nikakisahau kama vinavyosahaulika vitu vya kukariri. Na ndivyo ilivyokuwa kwa kila kitu. Sehemu nilizijua zikiwa na kiasi juu na asili chini. Namba shufwa na namba witiri nilizijua. Uwiano niliujua. Vyote hivyo viliachwa ng'ambo ya mto, nami nikavuka mikono mitupu.

Usiku ule nilitoa boksi la vitabu vyake vya shule ya msingi lililokuwa chini ya kitanda. Sikuanza na vya darasa la saba. Nilianza na cha tano. Nikatengeneza daftari lenye safu mbili, kushoto Kiswahili, kulia Kiingereza cha mtihani. Kila neno la GRE lililonisumbua nililitafutia ndugu yake. Mengine yalikuja na mshangao. Neno *integer*, kwa mfano, nilikuwa nalisoma haraka haraka kama "namba" tu. Kumbe ni namba kamili, na ndani yake kuna hasi na kuna sifuri. Swali likisema *x* ni *integer* ndogo kuliko 3, mimi nilikuwa naona 1 na 2. Sifuri sikuiona, hasi sikuziona, na mtihani ule umejaa maswali yanayomsubiri mtu asiyeziona. Sifuri ni shufwa. Moja si namba tasa. Mbili ndiyo shufwa pekee iliyo tasa. Mambo matatu ya darasa la tano, na kwenye lile jaribio la kwanza yalikuwa yamenila maswali mawili.

Lakini si kila nilichokumbuka kutoka msingi kilinisaidia. Tulifundishwa MAGAZIJUTO: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Neno tamu, halisahauliki. Ila nililishika kama foleni, kwamba jumlisha lazima itangulie toa. Nipe 10 – 4 + 3, ningejumlisha 4 na 3 kwanza, nikupe 3. Jibu ni 9. Kujumlisha na kutoa wako ngazi moja, unakwenda nao kutoka kushoto kwenda kulia, na kuzidisha na kugawanya vivyo hivyo. Sijui kama mwalimu hakusema au mimi sikusikia. Nilimuuliza mpwa wangu, naye alikuwa na ugonjwa huohuo, basi tukatibiwa pamoja.

Tuseme kidogo kuhusu asilimia, maana hapo niliumbuka hadharani. Kazini huwa naandaa maombi ya malipo, na mara nyingine natakiwa kutenganisha bei na VAT. Risiti inasema 118,000 pamoja na kodi. VAT ni asilimia 18. Mimi miaka yote nilikuwa naondoa asilimia 18 ya 118,000, napata 96,760, naandika, napeleka. Asubuhi moja nilikuwa nafanya maswali ya aina ile ya "bei ilipanda asilimia 25, ishuke asilimia ngapi irudi ilipokuwa". Nikasema 25. Jibu ni 20. Nikachora: mia ikapanda ikawa mia na ishirini na tano, sasa ile ishirini na tano inayotakiwa kuondoka ni sehemu ya mia na ishirini na tano, si ya mia. Nikaitazama ile karatasi. Halafu moyo ukashtuka. Ile 118,000 ni asilimia 118 ya bei. Unagawanya kwa 1.18, na bei ni 100,000 kamili.

Nikaenda kwa mhasibu wetu, mama mmoja mtu mzima, nikamweleza kwa sauti ya chini kwamba nadhani nimekuwa nakosea. Hakuinua hata uso.

"Najua, mwanangu. Huwa narekebisha tangu ulipofika."

Baada ya hapo nilijiwekea utaratibu ambao sikuuacha. Saa kumi na moja alfajiri, kabla ya kazi, kwa muda wa saa moja na nusu, kwa kalamu. Jioni nilijaribu nikashindwa; kichwa cha mtu aliyetoka kwenye vikao hakina nafasi ya milinganyo. Wiki nne za kwanza sikugusa swali lolote la GRE. Nilifanya sehemu, desimali, asilimia, uwiano, vipeo na vipeuo, maswali ishirini kila asubuhi bila kikokotoo. Nilirudia hata jedwali la kuzidisha, lile la nyuma ya madaftari, hasa la 7 na la 8 ambako nilikuwa nabahatisha. Kuna mtu atasema kikokotoo kipo, jedwali la nini. Nami nilisema hivyo. Lakini anayejua kwamba 56 ni saba mara nane huiona 56 ikipita na kuikata palepale. Asiyejua anaichukulia kama namba tu, anaibeba mpaka mwisho wa swali kama mzigo.

Na kila swali nililolikosa sikulisoma jibu nikaridhika. Nilisoma, nikafunga, nikachukua karatasi tupu, nikalifanya upya. Baada ya siku tatu, tena. Nikikwama, linarudi mwanzo wa foleni. Lilikuwapo swali moja la duara ndani ya mraba lililokaa kwenye foleni hiyo karibu mwezi, tukawa kama wapangaji wa nyumba moja.

Daftari la makosa ndilo lililonifundisha kuhusu mimi mwenyewe. Mbele ya kila kosa niliandika herufi moja. J kwa sijui, M kwa nimesoma vibaya, H kwa hesabu imeniponyoka mkononi. Nilitegemea daftari lijae J. Ulipofika mwezi wa sita nilihesabu makosa mia moja ya mwisho, na J zilikuwa 29 tu. M zilikuwa 38. Swali linauliza waliobaki, mimi najibu walioondoka. Linauliza kipenyo, natoa nusu kipenyo. Na kwenye H, zaidi ya nusu zilikuwa alama ya kutoa. Alama ya kutoa! Nilikuwa naidondosha njiani kama mtu mwenye mfuko uliotoboka. Negativu mbili zikikutana nilichanganyikiwa. –3 ikipewa kipeo cha pili bila mabano nilisema 9, wakati ni –9, kwa sababu kipeo kimeshika ile 3 peke yake na alama ya kutoa iko nje inangoja.

Kwenye hizi namba hasi kilichonisaidia ni deni. Mtu anayedaiwa elfu tano ana hali mbaya kuliko anayedaiwa elfu mbili, ingawa tano ni kubwa. Ukielewa hivyo, hata lile la kugeuza alama ya "kubwa kuliko" au "ndogo kuliko" unapozidisha pande zote kwa hasi halihitaji kukariri. Juma ana tano, mwenzake ana mbili, Juma ni tajiri. Geuza vyote kuwa madeni: sasa Juma ndiye maskini. Alama lazima igeuke. Kidato cha pili nilikariri "alama inageuka" bila kujua kwa nini, na kwenye mtihani sikukumbuka inageuka lini.

Kuna aina moja ya maswali ambayo sikuwahi kuiona kabla ya GRE, na nikaja kuipenda. Unapewa vitu viwili, A na B, unasema kipi kikubwa, au viko sawa, au haiwezekani kujua. Mfano: A ni *x* kipeo cha pili, B ni *x*. Mtu wa haraka anasema A, kwa sababu namba ikijizidisha inakua. Haya, weka nusu. Nusu mara nusu ni robo. Imepungua. Weka moja, ziko sawa. Basi jibu ni haiwezekani kujua. Nikajizoesha kualika wageni watano kwenye kila swali la namna hiyo: sifuri, moja, hasi moja, nusu, na nusu hasi. Wakikubaliana wote, naanza kuamini. Hawakubaliani mara nyingi.

Na takwimu, somo lililonipa sapu, ndilo lililonibeba. Majedwali, grafu, wastani, wastani unavyoachana na namba ya kati (*median*) pale tajiri mmoja anapoingia kwenye sampuli: hayo nilikuwa nayaona kazini kila wiki. Sikujua kwamba nayajua.

Mtihani wenyewe ada yake mwaka huo ilikuwa dola 220. Kwa fedha yetu ilikuwa zaidi ya laki tano, na nililipa kwa zamu yangu ya mchezo wa kupeana. Mwezi wa nane nikaenda Dar. Treni ya umeme ilikuwa ndiyo kwanza imeanza kufika Dodoma, mwishoni mwa Julai, gari zima watu wanapiga picha, mimi nimeinamia daftari la makosa.

Sehemu ya kwanza ya hesabu, swali la nne, nikakutana na tangi la maji lenye mabomba mawili. Nalijua. Nimeshalifanya, tena mara nyingi. Lakini jibu langu halikuwa kwenye orodha. Nikarudia. Halimo. Nikarudia tena, sasa kwa hasira, kama mtu anayetafuta funguo mfukoni mahali palepale mara ya tano. Nilipoinua macho kwenye saa, dakika tano zilikuwa zimekwenda kwenye swali moja, wakati kila swali lina kama dakika moja na sekunde arobaini na tano. Mtihani unakuruhusu kuweka alama kwenye swali, kuliruka na kulirudia baadaye ndani ya sehemu ileile, na hakuna adhabu ya kukosea. Yote hayo niliyajua. Nilikaa nalo kwa sababu lilikuwa langu, lilinidharau. Maswali matatu ya mwisho niliyabonyeza bila kuyasoma. 149.

Unaruhusiwa kurudia baada ya siku 21. Dola nyingine 220, safari hii za mkopo kutoka kwa dada, ambaye hakuuliza maswali ila alisema, "Mwanangu anakwambia usiwe na haraka." Katika wiki zile sikusoma kitu kipya hata kimoja. Nilifanya seti za maswali kumi na mbili kwa dakika 21, simu ikihesabu, na sheria moja: dakika mbili zikipita, naweka alama naondoka, hata kama jibu nimeliona kwa mbali. Hili lilikuwa gumu kuliko aljebra yote. Siku za mwanzo niliondoka kwenye swali huku nikigeuka nyuma, nalisoma linalofuata bila kuliona. Mpwa wangu ndiye aliyeshika saa jioni za Jumamosi, na alikuwa mkali. "Mbili!" anasema, na akiona kalamu inaendelea anainyang'anya.

Mwisho wa Septemba nilirudi kwenye chumba kilekile, nikageuza mifuko nje wakaikagua, nikapewa karatasi za kukokotolea. Swali la saba lilitaka kunikamata. Nililiwekea alama, nikaondoka, nikalirudia zikiwa zimebaki dakika tatu, nikakuta nilikuwa nimedondosha alama ya kutoa mstari wa kwanza. Sehemu ya pili ilikuja ngumu. Nikafurahi peke yangu mbele ya kompyuta.

Mwishoni alama za lugha na hesabu zinatokea palepale kwenye skrini. Nilitoka nje, jua la Dar limesimama utosini, nikapiga simu nyumbani.

"Umepata ngapi juu ya ngapi?" ndilo swali la kwanza.

"156 juu ya 170."

Kimya. Nilisikia kalamu. "Tisini na moja nukta nane! A, mjomba! Una A!"

"Hapana, mama. Hawaanzii sifuri. Wanaanzia 130."

"Kila mtu anapewa 130 za bure?"

"Ndiyo."

"Basi toa 130 huku na huku." Kalamu tena. "26 juu ya 40. Kata kwa mbili, 13 juu ya 20. Sitini na tano." Akanyamaza kidogo, nadhani alikuwa anatafuta madaraja ya sekondari kichwani. "B. Ila inaanzia hapohapo kwenye sitini na tano. Ungepungukiwa moja tu ilikuwa C."